Mtihani wa Sheria Hauanzi Siku ya Mtihani

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wao, Kisenge, Lualaba



Kazi yetu ni ya upatanisho, na mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mashamba, mipaka na visima. Leo wazazi wametuomba tuzungumze juu ya vijana wanaosoma sheria, na mitihani inayowangoja kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele ya hakimu. Hatujaacha kazi yetu. Mtu aliyekimbia kwao na sasa analima shamba la kuazima, siku akigombana na mwenyeji wake, anahitaji mtu wa kumweleza haki yake inaishia wapi na ya mwenzake inaanzia wapi. Akimkosa mtu huyo, atamsikiliza mwenye panga.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua. Lakini huku kwetu mtetezi yuko mbali. Wengi wako Kolwezi na Lubumbashi, na nauli peke yake inamaliza pesa ya mavuno. Tena sheria imeandikwa kwa Kifaransa, ingawa Katiba hiyohiyo inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa. Mama aliyekimbia vita ya Kasai katika 2016 na 2017, au mzee aliyevuka kutoka Angola wakati wa vita iliyokwisha 2002, atafunguka zaidi mbele ya kijana anayejua lugha yake na anayejua maana ya kukimbia.

Sasa tuseme njia yenyewe. Mawakili wa Kongo wanaongozwa na sheria ya 28 Septemba 1979. Inadai diploma ya chuo kikuu ya sheria. Anayekubaliwa anaandikwa kwanza kati ya mawakili wanaojifunza kazi, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha anatumika miaka 2 chini ya wakili mzoefu. Sheria hiyo inawataja pia watetezi wa mahakama, ambao si mawakili kamili lakini wanaweza kusimama katika tribinali ya amani na tribinali kubwa. Tunasema wazi kwamba mtetezi mmoja wa namna hiyo akikaa karibu nasi, faida yake ni kubwa kuliko ya mawakili kumi wa mjini. Wazazi wasiidharau njia hii.

Kwa anayetaka kuwa hakimu, mlango ni shindano la taifa. Mwaka 2022 Baraza Kuu la Mahakimu lilitangaza shindano la kuajiri mahakimu 5.000. Kabla ya hapo ilipita miaka zaidi ya 10 bila shindano kubwa la namna hiyo. Mlango wa hivi hukaa umefungwa muda mrefu, halafu unafunguliwa ghafula, na anayeingia ni yule ambaye karatasi zake ziko tayari.

Hapo kwenye karatasi ndipo familia zilizohamishwa zinapoumia, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Kijana amesoma miaka mitano, anajua vifungu, lakini cheti cha kuzaliwa kilibaki kijijini, diploma ya Serikali iliungua na nyumba, na jina la shuleni silo jina la kadi. Faili inarudishwa kabla hajaandika hata sentensi moja. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, lazima mahakama itoe hukumu ya kusimama mahali pa tangazo lililokosekana. Ni kazi ya miezi. Ianze sasa, mtoto angali sekondari. Na kwa familia zenye asili ya Angola: sheria ya 1979 inataka wakili awe Mkongomani, na mgeni anakubaliwa tu ikiwa nchi yake inawakubali Wakongomani vivyo hivyo. Swali la uraia liulizwe kabla ya kulipa minervali, si baada.

Kisha kuna kujifunza. Vijana wetu wengi wanasoma kwa fotokopi zilizopita mikono mingi, na fotokopi haina habari kwamba sheria imebadilika. Ukisoma Kanuni ya Familia ya 1987 peke yake, utajibu kwamba mke aliyeolewa anahitaji ruhusa ya mume ili aende mahakamani. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016. Mwingine bado anaandika juu ya Mahakama Kuu ya zamani, wakati Katiba ya 2006 iliigawa kuwa tatu. (Tumeona hata daftari linaloiweka Kolwezi katika jimbo la Katanga, miaka mingi baada ya mgawanyo wa 2015.) Kabla ya kukariri, kijana aulize: maandishi haya ni ya mwaka gani?

Wala kukariri hakutoshi. Jirani zetu wa Tanzania walishtuka Oktoba 2022. Katika Shule ya Sheria, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walianguka. Serikali iliunda kamati. Wengine walilaumu shule, wengine vyuo vikuu, wengine wanafunzi. Sisi tunaona jambo moja: hao wote walikuwa na digrii tayari. Kujua sheria na kuitumia kwenye shida ya mtu ni kazi mbili.

Na katika kazi ya pili, ninyi mnayo shule ambayo mtoto wa mjini hana. Sheria ya ardhi ya 1973, kifungu cha 389, ilisema kwamba haki za wanakijiji juu ya ardhi yao zitapangwa kwa amri ya Rais, na kwa miaka mingi amri hiyo haikutoka. Mwanafunzi anaweza kukariri kifungu hicho na kulala. Lakini akikaa kwenye baraza la chifu siku ya ugomvi wa shamba, ataona kwa nini watu wawili wanagombana, kila mmoja akiamini sheria iko upande wake.

Kwa hiyo tunawaomba machifu wawaruhusu wanafunzi wa sheria, wavulana na wasichana, waketi nyuma ya baraza na kuandika, bila kusema neno. Jioni wakutane watatu au wanne: mmoja amtetee mwenyeji, mwingine amtetee mkimbizi, wa tatu ahukumu kwa Kifaransa, na kesho yake wabadilishane. Anayemtetea kila siku mtu wa kabila lake hajajifunza kitu. Makanisa yenye umeme wa jua yawaachie taa hadi saa tatu usiku.

Wazazi wenye watoto waliokosa cheti cha kuzaliwa wabaki baada ya kikao, tuandike majina pamoja na mwaka na mahali pa kuzaliwa kwa kila mtoto.