Kinga ya mtoto mchanga

Mama anayejifungua Nyakahanga wilayani Karagwe, au Isingiro wilayani Kyerwa, anaambiwa mtoto achanjwe mapema dhidi ya kifua kikuu na apewe matone ya polio, kisha arudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua isubiri miezi 9. Kwa nini isubiri?

Tumboni, kinga ya mtoto hujizuia ili isipigane na mwili wa mama. Huzaliwa na upole huo, tena bila kumbukumbu ya vijidudu, kumbukumbu inayomwezesha mtu mzima kujibu haraka. Kwa hiyo mtoto huazima. Kingamwili za mama hupitia kondo la nyuma, nyingine humfikia kwa maziwa, hasa yale ya njano ya siku za kwanza. Inauma kusikia kuna mahali bado yanakamuliwa na kumwagwa. Lakini kingamwili zilizopitia kondo zikiwa bado na nguvu, huzima virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya surua kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Ndiyo maana tunasubiri zipungue. Pepopunda ni kinyume: humwahi mtoto akiwa na siku chache tu, hivyo anayechanjwa ni mama, angali mjamzito, ili mtoto aazime kingamwili zake.