Damu ya Kondoo Wetu ni Urithi
(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji)



Leo tuzungumze juu ya damu ya kondoo. Wengi wetu tuliuza madume mekundu ya Kimaasai tukaleta Dorper, kwa kuwa Dorper ni mkubwa na mchinjaji humlipia vizuri. Halafu mvua ndefu ikaja. Wana-kondoo wakavimba chini ya taya, wakalegea, wakafa. Tukasema ni bahati mbaya. Sio bahati! Ni ile minyoo ya tumbo inayonyonya damu.

Sasa, ndani ya damu kuna protini iitwayo himoglobini. Ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu, na ndiyo inayobeba hewa mwilini. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wamejua kwamba kondoo wana aina mbili kubwa, A na B. Mwana-kondoo hurithi moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hivyo kuna AA, AB na BB, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mwenye A akipungukiwa sana na damu, mwili wake hutengeneza aina nyingine, C. Wa BB hawezi. Uchunguzi wa hapa Kenya uliochapishwa mwaka wa 1979 ulionyesha kwamba Merino wa AA waliistahimili minyoo hiyo kuliko wa BB.

Je, tupime damu ya kila kondoo? Hapana. Himoglobini ni alama moja tu. Kondoo hurithi mambo mengi yanayompa nguvu. Miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha kondoo wekundu na Dorper huko Diani, Pwani. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye mavi, na wana-kondoo wao waliokufa walikuwa wachache.

Basi tufanye hivi:

1. Tusiuze madume mekundu yote. Nusu ya urithi wa mwana-kondoo hutoka kwa dume.

2. Wakati wa mvua tufunue kope la chini. Ndani kukiwa kwekundu, ni vizuri. Kukiwa kweupe, tumpe dawa na tuandike kwenye daftari.

3. Dume la kuzalisha tulichague kwa mama ambaye daftari linaonyesha hahitaji dawa kila mara.

4. Anayependa Dorper amchanganye, lakini abaki na majike mekundu safi.

Siku hizi kondoo mwekundu asiyechanganywa ni shida kumpata. Kikundi kilicho naye kimtunze, na jirani akimwomba dume, aazimwe.