Mkaguzi na Mashine ya Kusaga

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la viwanda vikubwa tu, nalo ni usalama wa watu mahali pa kazi, na kazi ya mkaguzi ajaye kuutazama.

Natuanzie Babati, mji ulio kando ya ziwa lenye jina lake, chini ya mlima Kwaraa. Hapo barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika, moja ikielekea Kondoa na Dodoma, nyingine Singida. Tangu mwaka 2002 mji huu umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Nchi ya pande zote ni ya mahindi, mbaazi na alizeti. Kwa hiyo mjini zimo mashine za kusaga na kukoboa, mitambo ya kukamulia mafuta, na mabanda ya maseremala na ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kazi nyingi katika hizi ni ndogo: mwenye mali, nduguye, na vijana wawili watatu.

Basi, tuingie pamoja katika chumba kimoja cha kusagia, baada ya mavuno. Watu wamepanga msitari na ndoo zao. Yupo mama mwenye mtoto mgongoni, na ncha ya khanga yake yaning'inia. Yupo mtoto aliyetumwa na nyanyake. Kijana mwenye kuendesha mashine ni mweupe kwa unga tangu nywele hata nyusi. Na karibu na goti lake ukanda unazunguka wazi, hauna kifuniko.

Yatupasa tuufahamu mwendo wa ukanda huo. Mota ya umeme ya namna inayotumika sana huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika moja, yaani mara 24 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mkono wa shati ukinaswa, ukanda umekwisha kuuzungusha mara nyingi kabla mtu hajawahi kusema "Ole wangu!" Hakuna mwenye mbio za kuushinda. Hata mtu hodari, mzoefu wa miaka ishirini, mkono wake si mwepesi kuliko mota.

Mtauliza, kifuniko kilikwenda wapi? Mara nyingi kilikuwapo. Siku moja ukanda ulilegea, kijana akakifungua apate kuukaza, na watu walikuwa wakingoja. Akasema, "Nitakirudisha jioni." Jioni akachoka. Kesho yake akaona kazi imekwenda salama bila hicho kifuniko, na kesho kutwa akakisahau. Hivyo ndivyo hatari izoeleekavyo, na jambo lililozoeleka halitishi tena. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ukuta waweza kujengwa tena, bali kidole kilichokatika hakioti.

Jambo la pili ni vumbi. Unga ni chakula tumboni, lakini mapafuni ni adui. Mwenye kuuvuta siku zote huweza kupata kikohozi kisichokwisha, na hata pumu. Tena vumbi la unga likijaa hewani ndani ya nyumba iliyofungwa, laweza kulipuka kwa cheche moja. Huko Marekani, katika mji wa Minneapolis, tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha kusagia ngano kililipuka kwa sababu ya vumbi la unga, wakafa watu 18. Chumba kidogo chenye madirisha wazi hakifanani na kinu kile, walakini vumbi ni lile lile. Kwa hiyo fungueni madirisha, na fagieni unga juu ya mihimili na nyaya za umeme.

Sasa tuseme juu ya mkaguzi. Kazi yake si ngeni duniani. Uingereza iliweka wakaguzi wake wanne wa kwanza wa viwanda mwaka 1833, kwa sababu watoto walikuwa wakitumikishwa kupita nguvu zao, na sheria zilizoandikwa bila mtu wa kuzitazama zilikuwa karatasi tu. Katika Tanganyika sheria ya viwanda ilitungwa mwaka 1950. Leo sheria itawalayo Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, na mwenye kuisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao watu huuita OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001.

Sheria hiyo yamtaka mwenye mahali pa kazi aandikishe mahali pake. Yamtaka afunike kila sehemu ya mashine iwezayo kudhuru, awape watu wake vifaa vya kujikinga, na kuwafundisha kazi kabla ya kuwaachia mashine. Penye wafanyakazi zaidi ya wanne, yapasa awekwe mmoja wao kuwa mwakilishi wa mambo ya usalama. Wala sheria haiwalindi wafanyakazi peke yao. Yule mama wa khanga na yule mtoto wa ndoo wamo pia. Mkaguzi anayo ruhusa ya kuingia, kutazama na kuuliza. Akiona kasoro aweza kuamuru itengenezwe kwa muda fulani; akiona hatari kubwa aweza kuisimamisha kazi.

Twajua maneno yasemwayo mkaguzi asipokuwapo. Mwenye mashine hulalamika, "Faida yangu ni ndogo, na huyu aja kuniongezea gharama." Hatusemi kwamba gharama hakuna. Zipo, na kwa mtu mdogo ni nzito. Lakini kifuniko cha ukanda ni bati na nondo chache, na fundi wa kuchomelea yupo mtaa wa pili. Kinyume chake, mkono mmoja uliosagika ni hospitali, ni kazi kusimama, ni jamaa wa kijana mlangoni pako. Na katika kazi ndogo, kijana huyo mara nyingi ni mwanao au mtoto wa ndugu yako.

Wako na wengine ambao wakisikia mkaguzi yu njiani hukirudisha kifuniko upesi, na akiisha kwenda hukifungua. Hao humdanganya nani? Mkaguzi huja siku moja, ukanda huzunguka siku zote. Cheti kilichotundikwa ukutani hakizuii kitu. Kizuiacho ni bati lililo mahali pake.

Nawe mfanyakazi, sheria yakupasa pia. Usivae nguo pana karibu na mashine. Usitie mkono kabla mota haijasimama kabisa, na swichi imezimwa. Ukiona waya uliochunika au kifuniko kilicholegea, sema siku ile ile. Ukiumia, ajali iarifiwe, maana tangu mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwa ukifanya kazi, nao huchangiwa na waajiri, ili aliyeumia kazini atibiwe na kulipwa haki yake. Mwenye mali aliyelipa mchango wake naye hapo hupata nafuu, kwani hataachwa peke yake na mzigo wote.

Mwisho, twawaomba jambo moja dogo. Kesho mtakapopeleka mahindi kusagwa, kabla ya kuishusha ndoo, tazameni ukanda. Ukiwa wazi, mwulizeni mwenye mashine kwa adabu, "Bwana, kifuniko ki wapi?" Akiulizwa na mtu mmoja aweza kucheka, akiulizwa na watu kumi katika msitari mmoja atakitafuta. Ndipo mkaguzi atakapofika, atakuta kazi yake imekwisha kufanywa na wenyeji, na yule kijana mweupe kwa unga atarudi nyumbani jioni na vidole vyake kumi.