Mkanda wa Usalama kwa Wachuma Karafuu: Ni Wajibu wa Nani?

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Uluguru)



Katika mikutano yetu tumezoea kujadili bei, mizani, magunia na unyevu wa karafuu. Mambo hayo yote ni ya lazima. Lakini liko jambo moja ambalo hutangulia mizani, nalo ni mtu aliye juu ya mti. Swali ninalowaletea ni hili: je, mchumaji wa karafuu avae mkanda wa usalama apandapo mkarafuu? Na kama ni lazima auvae, ni nani aununue?

Wapo watakaosema kuwa swali hili ni la wageni. Babu zetu walipanda bila mkanda, na sisi tumepanda bila mkanda. Ni kweli. Lakini katika vijiji vyetu, tangu Matombo na Mkuyuni hadi Kinole na Tawa, ni nadra kumpata mtu asiyemfahamu jirani aliyeanguka kutoka mtini, akabaki na mguu uliopinda au kiuno kisichoweza tena kubeba jembe. Babu zetu walipanda, na baadhi yao walianguka. Wale walioanguka hawakupata nafasi ya kutusimulia faida za kupanda bila mkanda.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mkarafuu uliokomaa huweza kufikia urefu wa meta 10 na zaidi. Karafuu zenyewe hazikai karibu na shina. Hutoka katika ncha za vitawi, na hapana budi zichumwe kabla ya maua kufunguka. Kwa hiyo mchumaji hulazimika kuliacha shina, ambalo ndilo imara, akaenda nje kwenye tawi, ambalo ni jembamba, huku mkono mmoja ukivuta kwa upembo na mwingine ukichuma. Tawi la mkarafuu huvunjika upesi. Mvua ya milimani ikinyesha, gome huteleza. Wakati mwingine sisimizi wa maji moto humwuma shingoni, naye kwa ghafla huuachia mkono uliokuwa umeshika.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anayeanguka kutoka meta 6 hufika chini kwa muda wa sekunde moja na kidogo, akiwa na mwendo wa kilometa 39 kwa saa. Akianguka kutoka meta 10, mwendo huo ni kilometa 50 kwa saa. Hakuna ujuzi wala nguvu za ujana zinazoweza kufanya lolote katika sekunde hiyo moja. Anayesema kuwa yeye ni mzoefu, hawezi kuanguka, anazungumzia mikono yake, nasi hatuna shaka na mikono yake. Lakini hawezi kulidhamini tawi.

Ndugu wanachama, mambo haya hayatuhusu sisi peke yetu. Huko Marekani wako wawindaji wanaomvizia mnyama wakiwa juu ya jukwaa lililofungwa mtini, mfano wa dungu letu la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe na ngedere. Kuanguka kutoka katika majukwaa hayo kumekuwa miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji hao kuumia. Nao walibishana kama tunavyobishana sisi. Mwanzoni wengi waliovaa kitu walivaa mshipi wa kiunoni tu. Ikaonekana kwamba mtu akining'inia kwa mshipi huo, humbana tumbo na kifua hata akashindwa kupumua, au hupinduka na kuchomoka. Kwa hiyo wakashauriwa kuvaa mkanda wa mwili mzima, wenye kupita mabegani, kifuani na mapajani. Hali kadhalika walijifunza kuwa wengi hawaanguki wakati wa kukaa, bali wakati wa kupanda, kushuka, na kuingia jukwaani. Fundisho hilo linatufaa sana sisi, kwa sababu mchumaji wa karafuu hakai. Kazi yake yote ni kupanda, kuhama na kushuka.

Karibu zaidi na sisi, huko Unguja na Pemba, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) limewahi kutoa fidia kwa watu walioanguka mikarafuu wakati wa uchumaji. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwa maana linakiri kuwa aliyeanguka ameumia katika kazi yenye manufaa kwa wengi. Lakini fidia huja baada ya mtu kuanguka. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari.

Nimesikia hoja tatu za kuupinga mkanda, nami nitazijibu kwa heshima, kwa kuwa kila moja ina ukweli ndani yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba mkanda humchelewesha mchumaji. Ni kweli. Mtu anayefunga na kufungua kamba kila anapohama tawi hatachuma sawasawa na asiyefunga. Lakini tujiulize kwa nini kuchelewa huko kunamwogopesha. Ni kwa sababu tunamlipa kwa kilo. Kwa malipo ya namna hiyo, dakika ya usalama hutoka mfukoni mwake, ilhali faida ya kazi yake twaipata wote. Basi asilaumiwe kwa kuukataa mkanda. Kama tunataka auvae, yatupasa kumwongezea malipo ya kila kilo kiasi cha kufidia muda huo.

Hoja ya pili ni kwamba mkanda wenyewe waweza kuwa hatari. Hili nalo ni kweli, endapo utatumika vibaya. Kamba ikifungwa kwenye tawi lilelile linalovunjika, tawi na mtu vitaanguka pamoja. Kamba ikiachwa ndefu ikalegea meta 2, mtu atakuwa amepata mwendo wa zaidi ya kilometa 22 kwa saa kabla haijamkamata. Na mtu akining'inia bila kusogeza miguu, damu hukaa miguuni, na baada ya muda si mrefu aweza kuzimia. Hoja hii haitufundishi kuuacha mkanda. Inatufundisha kuwa mkanda bila mafunzo ni nusu ya mkanda.

Hoja ya tatu ni gharama. Hii ndiyo kubwa, nami nitairudia baadaye kidogo.

Kwanza niseme jinsi ya kuutumia. Mkanda uwe wa mwili mzima, uliotengenezwa kwa kazi ya kuzuia kuanguka. Kamba ya katani, ingawa Morogoro ni nchi ya mkonge, isitumike kwa kazi hii, kwa kuwa huoza kwa unyevu bila kuonekana. Mchumaji awe na kamba mbili fupi zilizofungwa kwenye pete ambayo mtengenezaji ameiweka kwa ajili hiyo. Anapofika penye panda ya mti, afunge ya pili kwanza ndipo afungue ya kwanza, ili tangu anapoiacha ardhi hadi anapoirudia asiwepo mahali popote bila kamba. Afunge kwenye shina au kwenye tawi kuu lililo hai, juu ya kichwa chake, na kamba isilegee. Ncha asizozifikia azivute kwa upembo, na zile ambazo hata upembo hauzifikii aziache. Kapu au gunia asipande nalo mgongoni. Alivute kwa kamba nyingine baada ya kujifunga. Wala asichume peke yake. Daima awepo mtu chini, mwenye ngazi na kamba, anayejua la kufanya kama mwenzake amening'inia.

Mkanda ambao umewahi kumzuia mtu asianguke usitumike tena, hata ukionekana mzima. Na ninyi Ndugu Makatibu, mikanda isitunzwe katika ghala moja na dawa za mashamba, wala isianikwe juani. Kila mkanda upewe namba, na liwepo daftari lenye kuonyesha siku uliponunuliwa, aliyeuchukua, aliyeurudisha, na aliyeukagua.

Sasa nirudi kwenye gharama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kijana akivunjika mgongo, habaki peke yake kitandani. Mama yake huacha shamba ili amwuguze. Mjomba wake huuza alicho nacho ili apelekwe mjini, na pengine hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ukoo mzima huchanga. Gharama hiyo ipo tayari, nayo tunailipa, ila haiandikwi katika vitabu vya chama, na hulipwa na wale wasio na uwezo. Mkanda ni gharama ndogo inayoandikwa. Kuanguka ni gharama kubwa isiyoandikwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mkanda ununuliwe na chama, na wala si mchumaji. Tuchukue mfano. Chama kikikusanya kilo 10,000 za karafuu kavu katika msimu, na wanachama wakikubali kukatwa shilingi 50 kwa kila kilo, zitapatikana shilingi 500,000. Katibu alete bei kutoka kwa wauzaji watatu, na mkutano uamue. Mikanda haihitajiki kwa kila mwanachama. Inahitajika kwa idadi ya watu wanaokuwa juu ya miti kwa siku moja, nayo yaweza kuzungushwa kwa zamu.

Pengine mtu atauliza kama sheria haitoshi. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua anayechuma siku tatu kwa huyu na siku mbili kwa yule, bila maandishi yoyote, mara nyingi huwa hana pa kushika. Chama ndicho kinachomjua jina lake. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Desturi ya kumpandisha mtoto kileleni kwa kuwa ni mwepesi ikome, awe na mkanda au asiwe nao.

Hata hivyo, sipendi jambo hili liletwe kwa amri. Sisi wa Uluguru tunalo somo letu. Wakati wa ukoloni tulilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakaamka kuyapinga. Hawakuwa wakiuchukia udongo wao. Walichukia kutumikishwa katika jambo ambalo hawakushauriwa na ambalo hawakuiona faida yake. Mkanda ukiletwa namna hiyo utatundikwa ukutani. Uletwe kwa azimio la mkutano mkuu, na ikiwa chama kitataka kuuingiza katika masharti yake, basi mabadiliko yapelekwe kwa Mrajis kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyoagiza.

Wala tusidhani kuwa mkanda ndio mwisho wa mambo. Katika wilaya yetu miche mingi ya mikarafuu imepandwa miaka hii. Tushauriane na maafisa ugani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambao ni jirani zetu, juu ya kuipunguza vilele ingali michanga, ili wajukuu zetu wachume wakiwa kwenye ngazi fupi. Kwa miti mikubwa tuliyoirithi, hatuna budi kutumia mkanda.

Na endapo pamoja na hayo yote mtu ataanguka, asiinuliwe kwa makwapa, asibebwe mgongoni, wala asipakiwe kwenye pikipiki. Aachwe alalie alivyo, kichwa chake kishikwe kisigeuke, kisha alazwe juu ya ubao au mlango na kubebwa na watu wanne au zaidi. Kila chama kiwe na machela, na ijulikane mapema ni gari la nani litakaloitwa.

Ndugu wanachama, naomba kila chama cha msingi kiliweke jambo hili katika ajenda za mkutano wake kabla ya msimu, na kiamue mambo matatu: mikanda mingapi inunuliwe, makato yawe kiasi gani, na nani atakayewafundisha wachumaji. Chama kisichoweza kununua kumi kinunue miwili, na miti mirefu ichumwe na hao wawili tu.

Wahenga walisema pia mpanda ngazi hushuka. Hilo halina ubishi. Wajibu wetu sisi wanaushirika ni kuhakikisha kwamba anayepanda kwa ajili yetu asubuhi anashuka jioni kwa miguu yake mwenyewe, na anafika mizanini kuhesabiwa kilo zake.