Usafi wa Vazi na Kiburi cha Moyo

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu wa Naguru: wako watu wasemao ya kwamba Mwislamu ajitazamaye kiooni, akapiga pasi kanzu yake na kujipaka manukato kabla ya kwenda msikitini, ana majivuno, na ya kwamba mcha Mungu wa kweli hujulikana kwa nguo chakavu. Neno hili halina budi kupimwa kwa mizani ya dini.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipowaonya watu juu ya kiburi, mtu mmoja alimwuliza hali ya yule apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Mtume akamjulisha ya kuwa Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi zingatieni: katika maana hiyo ya kiburi nguo haikutajwa kabisa. Tena Mtume alipomwona mtu ambaye nywele zimemtimka, aliuliza kama hakupata kitu cha kuzitengeneza. Na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, wanadamu wameamrishwa kujipamba waendapo kusali, na papo hapo wakakatazwa ufujaji. Kwa hiyo baba akopaye pesa za nguo za Idi, hali ada ya shule ya mtoto haijalipwa, hakuifuata aya hiyo. Maji na sabuni vingemtosha.

Hapa Uganda kanzu ililetwa na wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliofika Buganda katika karne ya 19, zama za Kabaka Suuna na Kabaka Mutesa. Leo Waganda Waislamu na Wakristo huivaa harusini na katika kwanjula. Vazi ambalo hata asiyekuwa Mwislamu hulivaa kwa heshima haliwezi kuwa kipimo cha imani ya mtu.

Basi hatari iko wapi? Iko katika safu. Siku ya Idi huja mwenye kanzu mpya iliyotariziwa, na kando yake husimama kibarua mwenye shati la mtumba kutoka soko la Owino, kuukuu lakini limefuliwa likatakata. Mwenye kanzu akilivuta pindo lake lisiguswe na shati lile, kiburi kimekwisha ingia. Na yule kibarua akiyaona macho ya watu, Ijumaa ya pili asije tena, mwenye kanzu atakuwa na hoja gani mbele ya Mola wake? Hali kadhalika mwenye matambara akiwadharau waliovaa vizuri, akajiona mcha Mungu kuliko wao, naye ana kiburi kile kile.

Basi kila mmoja na aoge, avae kilicho safi, ajipake manukato. Kisha akiisha ingia safuni atazame ni nani asiyependa kusimama naye, amwite asimame karibu, bega kwa bega.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo za Waislamu wote. Amin.