Kumfundisha Mtoto Mdogo Kazi za Kila Siku
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya malezi ya watoto wenye umri wa miaka 3 hadi 6. Neno langu ni moja: mtoto asikaripiwe kwa jambo ambalo hajafundishwa.

Mwaka 1907 daktari mmoja wa Italia, Bibi Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Siku moja aliwaonyesha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso, taratibu na bila kelele. Alipokwisha, walimpigia makofi. Alitambua kwamba walikuwa wakiaibishwa daima kwa sababu ya pua zao, wala hapana aliyewafundisha.

Nasi je? Mtoto akimwaga maji, twamnyang'anya kikombe. Atajifunza lini kumimina? Katika shule zifuatazo njia ya Bibi huyo, mtoto hupewa majagi mawili madogo, moja likiwa na maharagwe makavu. Mwalimu humimina kwanza, polepole, kwa maneno machache, kisha humwachia. Akiisha kuzoea hupewa maji, na kitambaa huwekwa karibu. Akimwaga, hufuta mwenyewe. Kufagia huanza kwa duara lililochorwa sakafuni kwa chaki, ili ajue mahali pa kukusanyia taka. Vifungo huanza vikubwa, nguo ikiwa imetandazwa mezani, kabla ya vile vya shati lake.

Wazee watasema kwamba jambo hili si geni, nao watasema kweli. Bibi zetu walimpa mtoto kibuyu cha kadiri yake, akafuatana na mama mtoni. Lakini sisi tukaao mijini tuna haraka. Twamvika, twamlisha, twamfungia viatu, kisha twastaajabu aingiapo shule hajiwezi, na wenzake wamcheka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, shule za watoto wetu ziwe na meza fupi, fagio ndogo na vyombo vya kadiri ya mikono yao. Pili, kila mzazi, baba kwa mama, amwachie mtoto kazi moja kila siku, mvulana sawasawa na msichana, wala asimharakishe.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkono umkunjao na uwe mpole.