Baada ya Farao, Kazi Ingalipo

Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Somo: Kutoka 18:13–27

Popote ulipo asubuhi ya leo, ukiwa jikoni unaandaa chai, au safarini kwenda kazini, au kitandani hospitalini, karibu tulitafakari Neno la Mungu pamoja kwa dakika hizi chache.

Somo letu latoka kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Wana wa Israeli wametoka Misri. Farao na magari yake wamezama baharini. Wimbo wa ushindi umekwisha kuimbwa. Twaweza kudhani kwamba taabu imekwisha. Lakini tazameni tunachokikuta: Musa ameketi peke yake tangu asubuhi hata jioni, na watu wote wamesimama mbele yake wakingoja awaamulie mashauri yao. Yethro, mkwewe, alipoona hayo hakufurahi. Alimwonya Musa kwamba mtindo huo utamchosha yeye na watu pia. Akamshauri achague watu hodari, wamchao Mungu, wakweli, wasiopenda rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Naye awafundishe watu wote sheria.

Angalieni sana, ndugu. Musa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi wa Mungu. Lakini watu waliolelewa chini ya Farao walikuwa wamezoea jambo moja tu, yaani neno la mtu mmoja. Miguu yao ilikuwa imetoka Misri, ila mazoea ya Misri yalikuwa bado safarini pamoja nao.

Basi leo twauliza: taifa lililotawaliwa miaka mingi kwa amri ya mtu mmoja lajengwaje upya? Ili tusiseme maneno ya juu juu, twende kwa ndugu zetu wa Malawi tukajifunze.

Miaka thelathini

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Kiongozi wake alikuwa daktari Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1966 akawa rais wa jamhuri yenye chama kimoja, na mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Tusimseme mtu kwa uongo: barabara zilijengwa, mashamba yalilimwa, na wako wanaoikumbuka miaka ile kwa utulivu wake. Lakini utulivu wa woga si amani. Mtu asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa kuingia sokoni au kupanda basi. Mashahidi wa Yehova, waliokataa kununua kadi hizo, walipigwa marufuku mwaka 1967. Walipigwa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu wakakimbilia nchi jirani.

Mwezi wa Mei 1983 mawaziri watatu na mbunge mmoja walikufa karibu na Mwanza, mji wa mpakani huko Malawi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Wajane wao wakabaki na maneno hayo zaidi ya miaka kumi.

Na hapa, wapendwa, pana neno linalotugusa sisi wa makanisa ya Kiprotestanti. Rais Banda alikuwa mzee wa kanisa, wa Kanisa la Scotland. Alizijua nyimbo zetu na kiti cha mbele kilikuwa chake. Na makanisa mengi yalinyamaza miaka mingi. Ni vigumu kumkemea mtu anayekaa kiti cha mbele.

Barua iliyosomwa makanisani

Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, ya kwanza ya Kwaresima, maaskofu saba wa Kanisa Katoliki wa Malawi walitoa barua, ikasomwa siku ile ile makanisani mwao nchi nzima. Haikuwa na matusi. Ilisema yale ambayo kila mtu aliyajua: kwamba mishahara haitoshi, kwamba shule zimejaa kupita kiasi, kwamba wagonjwa hawatunzwi sawasawa, kwamba watu hufungwa bila kuhukumiwa, na kwamba hakuna awezaye kusema kweli bila hofu. Maaskofu wakaitwa na polisi na kuhojiwa. Kuwa na barua ile kukatangazwa kuwa kosa. Lakini watu waliinakili, wakapeana mkono kwa mkono.

Mwezi wa Juni mwaka ule, Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati nalo, pamoja na wajumbe wa Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Ulimwenguni, likamwandikia rais waraka wa wazi likidai mabadiliko. Kisha makanisa, Waislamu, wanasheria na wafanyabiashara wakaunda kamati moja ya kuzungumza na serikali. Si kwamba mambo yalikwenda bila machozi. Mei 1992 watu walipigwa risasi katika machafuko ya Blantyre na Lilongwe. Nchi za ng'ambo nazo zilizuia misaada, na jambo hilo liliisukuma serikali. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi wakaulizwa kwa kura kama wanataka vyama vingi, na zaidi ya watu 60 katika kila 100 wakasema ndiyo. Tarehe 17 Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi na Bakili Muluzi, naye akakubali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikuwako.

Wimbo wa ushindi ukaimbwa. Lakini je, kazi ilikwisha? La. Kazi ya Yethro ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Na tuyatazame mambo matatu.

Jambo la kwanza: kiti kisiwe cha mtu

Katiba mpya ya Malawi ilisema rais atatawala vipindi viwili vya miaka mitano, si zaidi. Iliweka mahakama zilizo huru, tume ya haki za binadamu, na ofisi ya kusikiliza malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa serikali. Hao ndio wakuu wa mamia na wa hamsini.

Lakini karatasi hujulikana siku ya kujaribiwa. Mwaka 2002 wafuasi wa Rais Muluzi, yule yule aliyeshangiliwa mwaka 1994, walitaka kuondoa mpaka wa vipindi viwili. Makanisa yakapinga waziwazi, na hoja ikaanguka bungeni kwa kura chache tu. Mwaka 2012 Rais Bingu wa Mutharika alifariki tarehe 5 Aprili. Baadhi ya wakubwa walitaka kumruka makamu wa rais, Joyce Banda, aliyekuwa amefarakana na rais. Lakini mkuu wa jeshi akasimama upande wa katiba, na Jumamosi kabla ya Pasaka mama yule akaapishwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 2019. Karatasi za matokeo zilionekana zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Watu waliandamana miezi mingi. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano, wakilindwa na wanajeshi, walisoma hukumu iliyoufuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Kura ikapigwa tena tarehe 23 Juni 2020, na rais huyo akashindwa. Sisi wa Kenya twalielewa jambo hilo, maana Mahakama yetu ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, mara ya kwanza katika Afrika.

Ndugu, hesabuni miaka: tangu 1994 hata 2020 ni miaka 26. Waliopanda katiba ile wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Haki ni kama mwembe. Anayeupanda si lazima ndiye atakayekula maembe.

Jambo la pili: kweli isemwe

Serikali mpya iliunda tume ya kuchunguza vifo vya Mwanza, na ikajulikana kwamba wale wanne hawakufa kwa ajali. Waliuawa na polisi. Banda alishtakiwa, na mwezi wa Desemba 1995 mahakama ikamwachilia. Mwezi wa Januari 1996 aliwaomba wananchi radhi kwa mateso yaliyotokea wakati wa utawala wake. Baraza liliundwa kuwalipa fidia walioumizwa, lakini fedha hazikutosha, na wengi walingoja sana. Twasema hili kwa huzuni. Kuomba radhi ni kwema, lakini mjane hali radhi.

Hata hivyo, mtazameni mama mmoja. Vera Chirwa, mwanasheria, alikamatwa mwaka 1981 pamoja na mumewe Orton. Wote wawili walihukumiwa kifo. Baadaye adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Vera akatoka mwezi wa Januari 1993, baada ya miaka zaidi ya 11. Angeweza kutoka na kisasi. Yeye alirudi kwenye kazi ya kutetea haki, na baadaye akapewa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kazi ya kukagua magereza ya bara hili. Mfungwa wa jana akawa mtetezi wa wafungwa wa nchi nyingine. Taifa hupona linapokuwa na watu wa namna hiyo, ambao wamekataa kusahau na wamekataa pia kulipiza.

Jambo la tatu: hata mtu mwema aangaliwe

Mwaka 1994 serikali mpya iliondoa karo katika shule za msingi. Wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 1.9 hata karibu milioni 3 kwa mwaka mmoja. Ilikuwa furaha kubwa! Lakini walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo, na watoto wengi walisomea chini ya miti. Mwaka 2013 ikagunduliwa kwamba fedha nyingi zimeibwa katika hazina ya serikali. Na Malawi ingali miongoni mwa nchi maskini sana duniani. Uhuru wa kusema haujazi chungu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana Waisraeli, walipoona njaa jangwani, walikumbuka masufuria ya nyama ya Misri wakasahau fimbo. Hata Malawi wako waliotamani siku za Kamuzu.

Aliyeshinda mwaka 2020 alikuwa Lazarus Chakwera, mchungaji aliyeliongoza kanisa la Assemblies of God la Malawi miaka mingi. Wengi walisema, sasa mtu wa Mungu ameshika usukani. Lakini maisha yalikuwa magumu, bei zikapanda, na mnamo Septemba 2025 wananchi walimchagua tena Peter Mutharika, yule yule waliyemwondoa mwaka 2020. Chakwera akakubali kushindwa, akatoka.

Wengine wataona hiyo ni aibu kwa kanisa. Sisi twaona ni heshima. Ikiwa Musa, aliyesema na Mungu, alihitaji Yethro, mchungaji hahitaji zaidi? Katiba njema haiulizi rais ni mzuri au mbaya. Yamwambia: muda wako ni huu, hesabu yako ni hii, na watu watakuuliza.

Nasi je?

Wasikilizaji wapendwa, tusiyasikilize haya kama habari za majirani tu. Mazoea ya Misri hayakai ikulu peke yake. Je, mwenyekiti wa kamati yetu ya kanisa amekaa miaka mingapi? Mweka hazina wa chama cha akina mama husoma hesabu mbele ya wote, au huulizwa kwa kunong'ona tu? Mkubwa akija kwetu Jumapili na bahasha nono ya harambee, je, mhubiri aweza bado kuhubiri somo alilolitayarisha? Na nyumbani, mtoto akisema kweli iliyo chungu, husikilizwa au hupigwa? Mtoto aliyefundishwa kunyamaza mezani atanyamaza bungeni.

Mabadiliko ya taifa hayaanzi siku ya uchaguzi wala hayaishi siku ya kuapishwa. Huanzia pale watu kumi wanapojifunza kuongozwa na sheria, na mkuu wa kumi anapokubali kuulizwa. Ndipo wanaweza kuwa hamsini, na mia, na elfu. Yethro alianza na makumi. Nasi tuanzie hapo, juma hili, kwenye kikundi kile kile ambacho wewe ni mmoja wake.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyewatoa watu wako utumwani, twakuomba uyatoe na mazoea ya utumwa mioyoni mwetu. Wakumbuke ndugu zetu wa Malawi, na mataifa yote yanayojengwa upya baada ya miaka ya hofu. Wape majaji ujasiri, wape watawala unyenyekevu, wape maskini chakula chao. Ulipe kanisa lako kinywa cha kusema kweli mbele ya mkubwa na mdogo, tena masikio ya kusikia linapoambiwa kweli. Wafariji wajane na wote wanaongoja haki. Utupe saburi ya kupanda tusichokula sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.